Kupiga Bunduki, Kupiga Picha: Wanyama wa Misitu ya Kaliua na Watu Wasioonekana

Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye kazi nyingi mno, nacho ni kupiga. Mtu hupiga ngoma, hupiga kambi, hupiga hodi, hupiga bunduki. Na tangu kamera ilipoingia nchini, hupiga picha. Hapana shaka waliotamka maneno haya mara ya kwanza hawakukusudia fumbo lolote. Hata hivyo, mwenye kufuatilia historia ya misitu iliyoko magharibi ya Tabora, kuanzia Urambo na Kaliua hadi mto Ugalla na vinamasi vya Malagarasi, huona kwamba bunduki na kamera zilipita njia moja, zikachukuliwa juu ya mabega ya wapagazi wa aina moja, na zikaelekezwa kwa wanyama wale wale. Huona pia kwamba zote mbili zimesaidia kujenga dhana iliyodumu kuliko risasi, nayo ni dhana kwamba pori hili halikuwa na wenyewe.

Kaliua ya leo ni kituo cha reli na makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Urambo mwaka 2012. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili, hapo Kaliua palichepushwa tawi liendalo kusini hadi Mpanda, kwenye machimbo ya risasi. Kila upande wa reli ni miombo: mininga, mitundu, miyombo, miti inayopukutisha majani kiangazi na kuchipua mekundu kabla ya mvua. Huko wapo palahala na korongo wenye pembe zilizopinda nyuma, tandala, kongoni, nyamera, pofu, nyati, tembo, simba, chui na mbwa mwitu. Mtoni wapo viboko na mamba, na katika vinamasi vya magharibi yupo nzohe, swala wa majini, pamoja na yule ndege wa ajabu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye wataalamu wanamwita korongo nyangumi. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani, likiwa la kwanza kwa Tanzania.

Msitu huu si Serengeti. Mtazamaji hapati kusimama mahali akaona maelfu ya nyumbu mpaka upeo wa macho. Mnyama wa miombo ni kivuli baina ya vigogo. Huonekana sikio, kisha ncha ya pembe, kisha hakuna. Mpiga picha hungoja kiangazi, Julai mpaka Oktoba, majani yameanguka, nyasi zimeungua, na mto Ugalla umekatika vidimbwi vidimbwi ambako wanyama hulazimika kuja kunywa. Juu ya yote kuna mbung'o, ambaye hufuata kila kinachokwenda na kuuma hata juu ya nguo. Mbung'o huyo, kama itakavyoonekana, ana sehemu kubwa katika historia hii kuliko mwindaji yeyote.

Ni vyema kuanza na jina. Kiswahili cha zamani hakikumtenga mnyama na nyama. Neno lilikuwa moja: nyama wa mwitu alikuwa kiumbe anayekwenda, na nyama ya chunguni ilikuwa ni yeye yule baada ya kupikwa. Neno "wanyamapori", linaloandikwa leo katika sheria na juu ya mabango, ni la juzi juzi, na limeletwa na fikra mpya: kwamba wako viumbe wasiofaa kuliwa wala kuogopwa tu, bali kuhifadhiwa na kutazamwa. Babu wa Mnyamwezi wa Kaliua alimtazama mnyama sana, pengine kuliko mtalii yeyote, lakini alimtazama kwa kujua. Wawindaji wa tembo walikuwa na chama chao, wayege, chenye dawa, miiko, nyimbo na ngoma, na hakuna aliyeingia bila ya kufunzwa. Kusoma unyayo, kujua upepo unatoka wapi, kujua tembo amelala saa ngapi kwa kugusa mavi yake: huo ulikuwa utazamaji, ila haukuacha picha.

Elimu hiyo ndiyo iliyoifanya njia ya kati kuwa njia. Kabla Waarabu na Waswahili wa pwani hawajafika Unyanyembe, Wanyamwezi wenyewe walikwisha kushuka pwani na pembe zao, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Kisha wakaja wafanyabiashara kutoka Unguja. Tabora, ambayo wageni wa Kizungu wa mwanzo waliiita Kazeh, ikawa mji wa watu wa Oman. Na mbele yake, upande wa magharibi, palikuwa Msene, ambako Richard Burton alipopita mwanzoni mwa 1858 alikuta kituo cha Waswahili wa pwani waliopendelea kukaa mbali na jamaa zao Waarabu. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikaa Unyanyembe na akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Damu, biashara na pembe zikawa kitu kimoja.

Na pembe zilikwenda wapi? Zilifika Forodhani Unguja, zikapimwa, zikapakiwa merikebuni. Wamarekani walikwisha kufanya mapatano ya biashara na Sayyid Said mwaka 1833, nao walileta nguo, hata leo kitambaa kile kinaitwa amerikani, wakaondoka na pembe ambazo katika jimbo la Connecticut zilikatwa kuwa vibao vya piano. Wahenga walisema kwamba ikipigwa zumari Unguja, hucheza walioko maziwani. Katika jambo hili ngoma ilipigwa mbali zaidi: binti aliyejifunza piano mjini Boston aliweka vidole vyake juu ya tembo wa Unyamwezi bila ya kumwona maishani mwake. Kadiri bunduki zilivyozidi njiani, ndivyo tembo walivyozidi kuwa mbali, na misafara ikalazimika kuvuka Tanganyika mpaka Manyema. Kwa hiyo alipokuja mtu wa kwanza na kamera, mnyama mkubwa kuliko wote alikwisha kuanza kuondoka.

Mtu huyo alikuwa James Grant, aliyefuatana na John Speke katika safari iliyoanza Unguja mwaka 1860. Grant alipiga picha mjini Unguja, na kusudi lilikuwa aendelee nazo bara. Lakini upigaji picha wa wakati ule ulikuwa kazi ya adhabu. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kikasafishwa papo hapo kabla hakijakauka, na yote hayo ndani ya hema dogo lililozibwa mwanga na hewa. Katika joto la bara Speke aliona kwamba kazi hiyo itamdhuru mwenziwe, basi kamera ikaachwa na Grant akashika rangi na karatasi. Hata kama ingefika Kaliua, isingaliweza kumpiga mnyama aliye hai: kioo kilihitaji muda, na swala hamngojei mtu. Mnyama pekee aliyekubali kutulia mbele ya kamera za miaka ile alikuwa maiti. Hapo ndipo ilipoanza ile picha mashuhuri ya mwindaji aliyeweka mguu juu ya mzoga. Haikuwa ni majivuno peke yake; ufundi wenyewe ulitaka bunduki itangulie.

Mwaka 1871 akaja Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, akimtafuta Livingstone. Njia ya kawaida kwenda Ujiji ilipita katika nchi ya Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye alikuwa katika ugomvi na Waarabu wa Tabora juu ya ushuru na biashara ya pembe. Mwanzoni mwa Agosti jeshi la Waarabu lilishambulia Ulyankulu, sehemu ambayo leo imo katika wilaya ya Kaliua. Mji ulitekwa, lakini waliokuwa wakirudi na ngawira walitegewa na watu wa Mirambo, na kijana Soud bin Sayd bin Majid akauawa pamoja na wengi. Baada ya wiki chache Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah akafa akiitetea. Njia ikafungwa. Stanley ikambidi azunguke kusini, kupitia Ugunda, katika nchi ya mito inayoelekea Ugalla na Malagarasi.

Mwanzoni mwa Oktoba alipiga kambi katika kijito cha Gombe. Kijito hiki si Gombe ya Kigoma, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwatazama sokwe; ni Gombe ya kusini-magharibi ya Tabora, na wasomaji wengi huzichanganya. Stanley aliandika juu ya mahali hapo kama mtu aliyefika bustanini: punda milia, nyati, twiga, swala wa kila namna, uwanda wenye miti kama iliyopandwa na mkulima wa bustani. Aliwinda, na wapagazi wakakausha nyama. Siku ya kuondoka walitaka kubaki zaidi, kwa sababu mbele yao palikuwa na mwendo mrefu usiokuwa na chakula cha hakika. Ukazuka ugomvi, na mwenye msafara akamwelekezea bunduki Asmani, mmoja wa viongozi wa njia. Risasi haikutoka, wenzake waliingilia kati na safari ikaendelea. Lakini kwa dakika chache, bunduki iliyokuwa ikielekezwa kwa punda milia ilielekezwa kwa mtu, na sababu ilikuwa nyama ile ile.

Jambo ambalo Stanley hakulitia maanani ni kwa nini wanyama walikuwa wengi mahali pale. Ardhi iliyo baina ya himaya moja na nyingine, hasa wakati wa vita, haikulimwa. Watu walikimbilia ndani ya maboma na mashamba ya mpakani yakarudi kuwa pori. Wanyama walijaa pale ambapo watu walikuwa wameondoka. Ile "bustani" haikuwa kazi ya maumbile peke yake. Ilikuwa pia kazi ya vita.

Msafara huo huo ulikuwa na mtoto. Tabora, mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimpa Stanley mtumwa mdogo aliyeitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina, na watu wa msafara wakashauriana mpaka likapatikana jingine: Kalulu, jina la mtoto wa paa, kwa wepesi wake na macho yake. Mwaka 1872 Kalulu alikuwa London. Huko wakapigwa picha, yeye na bwana wake, katika studio ya London Stereoscopic Company: Stanley amevaa nguo za safari, mtoto yuko nyuma yake, na nyuma ya wote wawili pazia lililochorwa Afrika. Picha hiyo iliuzwa na kuenea. Ndiyo mojawapo ya picha za mwanzo za safari ya Unyamwezi kuonekana na watu wengi huko Ulaya, nayo haina mti hata mmoja wa kweli. Kiumbe pekee aliyetoka katika nchi ile ni mtoto mwenye jina la mnyama. Kalulu alikufa maji katika mto Kongo mwaka 1877, katika safari nyingine ya bwana yule yule.

Mirambo alikufa Desemba 1884, na muda mfupi baadaye wakaja Wadachi. Sheria ya wanyama ya Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 ilitaka leseni kwa mwindaji na ikatenga maeneo ya akiba. Mwaka 1900 mataifa yenye makoloni yalikutana London kuzungumzia wanyama wa Afrika, Waafrika hawakualikwa. Wakati huo vioo vikavu vilikwisha kuchukua nafasi ya vile vibichi, na Mdachi Carl Georg Schillings, katika nyika za Umasai, alibuni njia ya kumpiga picha simba usiku: alimfunga punda au ng'ombe kuwa chambo, akatega uzi, na mnyama alipougusa, baruti ya magnesi ililipuka kwa mwanga na kioo kikapata sura. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1905 kina maneno "mwanga" na "bunduki" pamoja juu ya jalada, na ndani yake vyote viwili vimetumika sana. Msafara wake ulihitaji wapagazi zaidi ya mia moja. Vioo vilikuwa vizito, na vilibebwa kichwani. Mwingereza Edward North Buxton naye alikwisha kuwahimiza wawindaji wenzake, mwaka 1902, waache bunduki na wachukue kamera. Fikra ilikuwa njema. Ila katika picha zao mpagazi haonekani, au anaonekana kama kipimo cha urefu wa pembe.

Wakati picha hizo zikipendwa Ulaya, nchi ya Kaliua ilikuwa ikipitia misiba mfululizo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe pamoja na nyati. Kazi ya upagazi, kisha vita vya 1914 hadi 1918 vilivyowachukua wanaume kubeba mizigo ya majeshi, viliacha mashamba bila ya mikono. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916. Palipokosekana jembe pakaota kichaka. Palipoota kichaka akaingia mbung'o. Alipoingia mbung'o ukafuata ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu katika sehemu kubwa za magharibi ya Tabora, Ugalla ikiwamo, na kuwakusanya katika makazi maalumu ili wawe mbali na mdudu. Wengi waliokoka na maradhi. Hilo ni haki kulisema. Lakini makaburi, mizinga ya nyuki, miti ya matambiko na mahame ya vijiji vilibaki nyuma. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na maendeleo ya Afrika ya Mashariki, alieleza kwa urefu jinsi mapori mengi yanayodhaniwa kuwa ya tangu na tangu yalivyotokana na kuvunjika kwa jamii zilizokuwa zikiyatawala. Wanahistoria wengine wamempinga katika baadhi ya hoja, hasa juu ya hali ya watu kabla ya ukoloni. Mahame ya Ugalla hata hivyo yapo.

Mwaka 1965 Ugalla ilitangazwa kuwa Pori la Akiba. Msomaji aliangalie neno hilo. Akiba huwekwa na mtu kwa ajili ya mtu. Kwa miaka zaidi ya hamsini pori hilo liligawanywa vitalu vya uwindaji wa kitalii, na mgeni alilipa fedha nyingi kuja kupiga palahala au simba. Wenyeji nao waliruhusiwa kuingia kwa vibali na kwa msimu: wavuvi katika vidimbwi vya mto, na warina asali katika miombo. Kiswahili, kwa uchoyo wake wa maneno, kinatumia mzinga kwa maana ya silaha inayobomoa ngome na kwa maana ya gogo au gome lililotundikwa mtini ili nyuki wajenge. Mizinga iliyojaa Ugalla ni hii ya pili. Mrina asali wa Kaliua hutundika mamia, hukumbuka kila mti, hulala porini wiki nyingi, na hujua mnyama gani alipita jana. Asali na nta ya Tabora zimesafiri mbali kwa kazi yake.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori, inayokaribia kilomita za mraba 4,000, ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Uwindaji ukakoma, na kamera, baada ya safari ya karne na nusu, ikashinda bunduki. Kwa mnyama hii ni habari njema, wala asiitokee mtu akaibeza. Tembo wa magharibi wamekwisha kuteseka vya kutosha. Lakini sheria ya hifadhi ya taifa hairuhusu kuvuna, na asali ni mavuno, samaki ni mavuno. Aliyetolewa pamoja na mwindaji tajiri ni mrina asali.

Wapo wanaosema kwamba mwenyeji ndiye adui wa msitu, na hawakosi ushahidi. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulifyeka miombo ya Urambo, ukaanguka, na ukaacha nyuma yake kilimo cha tumbaku. Mabani ya kukaushia tumbaku yamekula kuni tangu hapo. Idadi ya watu imeongezeka. Ulyankulu, pale alipoanguka Soud bin Sayd, walipokewa wakimbizi wa Burundi kuanzia mwaka 1972, na wengi wao wakapewa uraia mwaka 2014. Mifugo imeingia kutoka kaskazini. Yote haya ni kweli. Ila mpango wa karanga haukubuniwa Kaliua, soko la tumbaku haliko Kaliua, na vita vya Burundi havikuanzia Kaliua. Na katika makundi yote hayo, mrina asali ndiye ambaye riziki yake inaangamia siku mti unapoangushwa.

Leo watafiti katika misitu ya magharibi ya mto Ugalla, wanakoishi sokwe wa nchi kavu, hutundika kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, dada wa mbali wa uzi wa Schillings, ila bila ya punda wa chambo. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilitangaza kwamba sokwe wa huko huchimba mizizi na viazi vya mwituni kwa vijiti, jambo lililowafanya wanasayansi wafikiri upya juu ya chakula cha mababu wa binadamu. Kamera kama hizi zina uadilifu ambao mpiga picha hana: hazichagui. Akipita chui zinampiga. Akipita mtu na shoka na chombo cha kurinia, naye zinampiga. Mwenye kuchagua ni yule anayeketi baadaye kuamua picha ipi iingie katika kalenda na ipi ifutwe.

Hapo ndipo penye kazi. Filamu ya Bernhard na Michael Grzimek juu ya Serengeti, ya mwaka 1959, ilisaidia kuokoa wanyama na wakati huo huo ikaufundisha ulimwengu kutazama Tanganyika bila ya kumwona Mmasai ila kama bughudha. Misitu ya Kaliua bado haijapata filamu mashuhuri. Hoteli ni chache, wageni ni wachache, na picha zake nyingi bado hazijapigwa. Bado iko nafasi ya kuandika chini ya kila picha maelezo yaliyo kamili: kwamba huyu ni palahala, na hapa aliposimama palikuwa kijiji, kwamba njia hii ya magari ilikuwa njia ya pembe, kwamba mzinga ulioko juu ya mti nyuma yake una mwenyewe, anaishi karibu na reli, na zamani aliruhusiwa kuja kuutazama.